Kutembea ndiyo, klasema hapana



Tangu tuanze kutembea pamoja kila siku ya yenga, wengi wenu mnatuuliza: kwa nini hatuweki klasema? Kila mtu aweke programu ya kuhesabu hatua kwa simu yake, majina yapangwe toka wa kwanza mpaka wa mwisho, Dilala ishindane na Manika. Tumeongea sana juu yake. Kutembea tunaendelea. Klasema hapana, na tunawaeleza.

Kujilinganisha na mwenzako si kubaya. Mwaka 1954 Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba mtu hujipima hasa kwa yule anayekaribiana naye. Jirani akikupita hatua 300, utazunguka avenyu mara moja tena. Akikupita 15,000? Unazima simu, unalala.

Hata ile namba 10,000 wanayotuwekea haikutoka kwa munganga. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kipima hatua, ikakiita manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000. Jina la biashara, basi.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Kreza anapanda toka shimoni na mfuko mgongoni, simu ameiacha nyumbani: sifuri. Mama na dumu lake la maji: sifuri. Mwenye simu ya bei, mega za kutosha na kiwanja chenye ukuta: wa kwanza! (Sisi wenye diploma tunaozunguka na CV ofisi kwa ofisi, pengine tungebeba medali zote.)

Lakini kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti juu ya Kasulo, ule mtaa watu walichimba kobalti mpaka chini ya nyumba zao. Walikuta wakaaji wana kobalti nyingi ndani ya mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa karibu usio na machimbo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Vumbi la ndani ya nyumba nalo lilikuwa nayo. Basi kijana wa kule akikimbia kando ya kaminyo ili apande mu klasema, anavuta nini? Simu haihesabu vumbi. Na yule aliyebaki ndani kulinda mapafu yake, inamuandika mvivu. Simu hiyohiyo yenye kobalti ndani ya betri!

Kwa hiyo kila mtu ajilinganishe na juma lake lililopita. Asiye na simu ahesabu dakika. Kama mnataka klasema kabisa, tupange barabara: ipi inamwagiwa maji, ipi hapana. Andikeni avenyu, siku na saa, mtuletee. Orodha tutaipeleka kwa ofisi ya meya.

Siku ya yenga tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya kaminyo kuwa nyingi. Mulete maji ya kunywa.