Uso wa mtu aliyerudi: maneno juu ya ma-bouton ya wanaume

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, Kolwezi)

 

Leo tunaleta neno ambalo wengine watalicheka. Tulipolitaja mbele ya komite, papa mmoja alituuliza: « Tuko na wajane, tuko na watoto waliofukuzwa masomo juu ya franka, na ninyi munakuja na habari ya ma-bouton ya uso? » Tulimwambia: papa, utusikilize kwanza, kisha utatuhukumu.

Ndugu mmoja wa chama chetu ametupa ruhusa ya kusema habari yake bila kutaja jina. Alirudi kutoka Angola kupitia Dilolo, na mfuko mmoja na mwili uliokonda. Munajua vile inakuwa: mtu aliyerudi anatazamwa usoni. Kama amenona, watu wanasema amefaulu kule. Kama amekonda, maswali yanaanza, na wengine wanataja SIDA kwa sauti ya chini. Basi ndugu yetu akanunua sokoni vidonge vya kunonesha. Mashavu yakajaa, jamaa wakafurahi. Kisha wiki chache, kifua, mabega na mgongo vikajaa vipele vidogo, vyote vya kipimo kimoja, mpaka vikapanda usoni. Akaongeza krimu ya kung'arisha ngozi. Kwanza uso ulitulia. Kila akiiacha siku mbili tatu, vipele vinarudi na nguvu kupita mbele.

Hapo ndipo kicheko kilianza. « Mtu mzima na watoto wanne, bado anabalehe! » Akaacha kuja mikutanoni. Siku moja, kwa haya na hasira, akatupa vidonge vyote. Haikupita wiki, nguvu zikamwisha, akatapika, akaanguka ndani ya nyumba. Bibi yake ndiye aliyemfikisha hospitali, na kule wakajua kwamba vile vidonge vilikuwa deksametazoni.

Sisi si waganga. Kazi yetu ni kutembea katika vikundi na kusikiliza watu. Lakini haya tunayosema ni mambo ambayo waganga wanakubaliana.

Deksametazoni ni ya jamii ya kortizoni. Mwili unatengeneza kortizoni yake wenyewe, ndani ya tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Ukiileta kutoka nje kwa wiki nyingi, zile tezi zinalala. Ukiacha ghafla, mwili unabaki bila kitu, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo yeyote anayemeza vidonge hivi muda mrefu asivitupe leo usiku. Aende kwa munganga, aseme ukweli, apunguziwe polepole.

Sasa, ma-bouton yenyewe ni nini? Vitabuni wanaandika chunusi. Kila tundu dogo la ngozi liko na unywele na tezi ya mafuta. Tundu likizibika, mafuta yanabaki ndani, vijidudu vinaongezeka, ngozi inavimba. Homoni za kiume ndizo zinazoamsha tezi hizo, na kwa watu wengine hazitulii hata baada ya miaka 25. Kwa hiyo chunusi ya mtu mzima si uchafu, si laana, si dalili ya SIDA, wala si kwa sababu mtu anakosa bibi. Haiambukizi. Munaweza kula bukari katika sahani moja naye.

Hapa kwetu iko mambo yanayoizidisha, na mengi yanatoka kazini.

Ndugu wa garage na wa malori: grisi na mafuta ya mashine vinaziba matundu ya mikono na mapaja, zaidi kama nguo imelowa. Vua nguo hiyo ukimaliza kazi, oga kwa maji na sabuni. Usijisafishe kwa mazutu.

Ndugu wa mgodini: kofia ya kazi, mkanda wake na barakoa, pamoja na jasho, vinasugua paji la uso na kidevu. Havitupwi, vinalinda maisha. Vinaoshwa kila siku.

Wengi wanatuuliza kama ni vumbi la kobalti. Kobalti inaweza kuleta mzio wa ngozi: inawasha, inakauka, inapasuka, mara nyingi mikononi. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine. Ndiyo maana ngozi inapaswa kutazamwa na mtu aliyesoma.

Mafuta mazito ya nywele yakishuka yanaleta vipele kwenye paji la uso. Vipele vya kidevu na shingo baada ya kunyoa, mara nyingi si chunusi. Nywele zetu zinajikunja. Zikikatwa karibu sana zinaingia tena ndani ya ngozi. Acha ndevu ziote mwezi mmoja, kisha tumia mashine inayobakiza kidogo. Na wembe mmoja kwa watu wawili, hapana: damu inabeba hepatiti B na SIDA.

Dawa nyingine za hospitali pia zinaleta vipele, kama izoniazidi ya kifua kikuu. Tuko na wachimbaji wengi wanaomeza dawa hiyo. Tafadhali, usiiache juu ya vipele. Sema kituoni, watakusaidia, lakini endelea kumeza.

Na mafuta ya transfo, yale ya kabini za umeme: katika nchi nyingi za Afrika watu wameyachota kwa kupika au kujipaka. Ya zamani yanaweza kuwa na sumu za jamii ya klorini, zinazoleta chunusi mbaya ya miaka mingi. Watoto wa Seveso, Italia, waliipata mwaka 1976 baada ya ajali ya kiwanda. Mwaka 2004 dunia nzima iliona uso wa Viktor Yushchenko, mwanasiasa wa Ukraine, baada ya kupewa sumu ya dioksini. Usiyaguse mafuta hayo.

Dawa je? Iko, lakini si ya siku tatu. Osha uso mara mbili kwa siku na sabuni laini. Usiweke ndimu, dawa ya meno wala javeli. Usikamue. Iko krimu ya peroksidi ya benzoili, asilimia 2.5 au 5. Inapakwa kidogo usiku, kwenye sehemu yote na si juu ya kipele tu. Inakausha ngozi mwanzoni, na inatoa rangi kwenye shuka. Iko pia adapaleni. Hesabu wiki 8 mpaka 12 mbele ya kusema « haifanyi kazi ». Wengi wanaacha wiki ya tatu, wanarudi kwa muuzaji wa krimu za haraka, na hapo ndipo wanapotea. Doksisiklini ni ya munganga kuandika, kwa miezi michache, pamoja na krimu. Usiinunue rejareja sokoni.

Kwenye ngozi nyeusi, kipele kikipona kinaacha alama nyeusi. Alama hiyo si ugonjwa mpya. Inaisha yenyewe kwa miezi. Usiifukuze na krimu ya kung'arisha. Soma boksi: ukiona neno linaloanza na « clobét » au « bétamét », hiyo ni kortizoni, dada ya vile vidonge. Inatuliza wiki chache, kisha inakonda ngozi na kuleta vipele vingine. Kama umeipaka muda mrefu, hiyo pia mwambie munganga mbele ya kuiacha. Na kama vipele ni vikubwa, vinauma, vinaacha makovu, au vimekuja ghafla, usingoje mkutano ujao. Nenda kituoni.

Tunaomba mambo matatu.

La kwanza kwa wanachama: kicheko kiishe. Ndugu yetu hakuanguka kwa sababu ya kipele. Alianguka kwa sababu aliona haya kuuliza mtu.

La pili kwa komite: leo kasa yetu ya kusaidiana inalipia malaria na kuzaa, lakini ngozi inahesabiwa urembo. Tunaomba ilipie kuonana na munganga, mara moja, kwa kila mwanachama aliyemeza vidonge vya kunonesha au mwenye vipele vinavyouma. Si pesa nyingi kama ya kulaza mtu hospitali. Kwa ndugu huyu tulichanga ya kumlaza.

La tatu kwa rafiki zetu wa mbali: musitume krimu. Zikifika hapa bila munganga zinageuka biashara. Mutusaidie kulipa hiyo konsiltasio, na karatasi za kufundishia kwa Kiswahili.

Ndugu yetu amerudi mikutanoni. Alama bado ziko, zinapungua. Alikubali tuseme habari yake kwa sababu, alituambia, anajua wengine watatu wanaomeza vidonge vile vile na hawajasema hata kwa bibi zao.

Na wewe papa uliyetuuliza habari ya wajane: siku ile ilibaki kidogo tu tuongeze jina moja kwenye orodha yao. Sasa unaweza kutuhukumu.