Dhoruba Ikipungua Nguvu, Tusiache Kuifuata

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya pwani)

 

Leo hatukuja kuongea habari ya mbuzi wala ya mikopo. Tumekuja kuongea habari ya dhoruba, hasa ile ambayo redio inasema ni dhaifu. Hiyo ndiyo inayotutega.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini dhoruba ya bahari kuu inaweza kuwa kilomita 500 kutoka hapa na kwetu jua linawaka. Mvuvi akiangalia mbingu peke yake, anaona siku njema. Kwa hivyo tunahitaji macho mengine.

Hebu tukumbuke Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 dhoruba hiyo ilitoka upande wa kaskazini ya Madagaska, ikapata nguvu mpaka ikawa kimbunga, ikaelekea Tanzania. Sisi Kenya tulikuwa tayari katika mafuriko makubwa, na tarehe 3 Mei Rais alitangaza kwamba shule hazitafunguliwa kwanza. Tarehe 4 Mei Hidaya iliingia kisiwa cha Mafia ikiwa imepungua, na usiku huo wenzetu wa Tanzania wakatangaziwa kwamba imekwisha nguvu. Basi, je, hatari iliisha? La. Mvua ilimwagika upande wa Kilwa, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika. Upepo ulikwisha, maji yakabaki.

Hilo ndilo neno letu la leo. Neno "dhaifu" linapima upepo, halipimi maji. Katika bahari yetu, dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa. Ikifika 118 ndipo inaitwa kimbunga. Ikishuka chini ya hapo, bado inaweza kubeba mvua ya kujaza mto, na mawimbi yake hutangulia mbali kabla yake. Kwa mtumbwi wa mtu wawili, dhoruba dhaifu haipo.

Wengine watasema, "Kwetu vimbunga haviji." Kweli ni nadra. Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya ikweta, na karibu na ikweta dhoruba hushindwa kujizungusha sawa sawa. Lakini Unguja ilipigwa mwaka 1872 na mikarafuu mingi ikaanguka. Lindi ikapigwa mwaka 1952. Na mwezi ule ule wa Mei 2024, baada ya Hidaya, ilikuja nyingine, Ialy, ikapita mbele ya bahari yetu kuelekea Somalia. Haikuingia kwetu, lakini Idara ya Hali ya Hewa ilituonya juu ya upepo mkali na mawimbi.

Sasa, kikundi kifanye nini? Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, chagueni watu wawili wa kusikiliza taarifa za Idara ya Hali ya Hewa, asubuhi na jioni. Wawili, ili mmoja akisafiri kazi isilale. Habari ya kusikia kwa dereva wa matatu si taarifa.

Pili, choreni pwani kwenye karatasi kubwa: Mtwara, Mafia, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Malindi, Lamu. Kila taarifa ikija, wekeni alama pale dhoruba ilipo na mwandike saa. Tuseme saa kumi na mbili asubuhi iko kilomita 360 kutoka pwani, na saa sita mchana iko 300. Imetembea kilomita 60 kwa saa sita, yaani 10 kila saa. Ikienda hivyo, imebakiza saa 30: itafika kesho saa kumi na mbili jioni. Lakini mvua na mawimbi yatatangulia, na dhoruba hugeuza njia. Kwa hivyo hesabu irudiwe kila taarifa.

Tatu, msifunge karatasi siku dhoruba inapofika au inapopungua. Endeleeni mpaka Idara iseme imekwisha na mito imeshuka. Anayevuka mto siku ya pili kwa sababu upepo umetulia, huyo ndiye tunayemwogopea.

Nne, na hili ndilo gumu. Tukimwambia mvuvi asiende baharini siku tatu, watoto wake watakula nini? Na mama karanga atauza nini? Onyo bila unga ni maneno matupu. Mwenye njaa atakwenda tu, hata akijua. Kwa hivyo tunaomba kila kikundi kitenge kidogo katika mchango wake wa kila mwezi, kiwe akiba ya siku za bahari mbaya. Si zawadi, ni njia ya kumwezesha mtu kutii onyo.

Na dhoruba ikifia baharini bila kutudhuru, tafadhali tusiseme tulidanganywa. Mashua iliyovutwa juu ya mchanga itashushwa tena. Mtu akizama harudishwi.

Haya, viongozi, mkirudi nyumbani lisomeni jambo hili katika mkutano ujao, mchague wale wawili, na mwandike majina yao katika kitabu cha kikundi. Mwenye swali aulize sasa. Mungu awabariki na kuwalinda walio baharini.