Maji njo adui wa barabara yetu

Maneno yaliyosemwa na fundi wa barabara mbele ya mkutano wa wanamemba, Kabambare



Tulirudi kila mutu na njia yake. Wengine walitoka Nyarugusu kule Tanzania, ile kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengine walikuwa wamekimbilia Kasongo ao Kalemie. Leo tunalima tena: muchele iko, karanga iko, mawese iko. Lakini gunia ya muchele isipofika soko la Kasongo inabaki chakula tu, haigeuki makuta ya masomo wala ya dawa. Na mama mwenye uchungu wa kuzaa, akikwama kwenye matope juu ya pikipiki, hangojei mvula iishe.

Mkutano uko na swali moja. Makuta tuliyo nayo, tukodishe niveleze ipite mara moja, ao tununue vyombo vya mikono na tulipe wakantonye? Mimi niko upande wa vyombo. Musikie sababu.

Niveleze ni mashine nzuri, siikatai. Kisu chake kinasawazisha kwa siku moja kazi ambayo kundi la watu lingefanya siku nyingi. Lakini mazuti inatoka mbali, mashine yenyewe inabebwa na lori, na ikimaliza inaenda zake. Tena dereva akiikwangua njia kila mara bila kurudisha udongo katikati, barabara inashuka, inakuwa chini kuliko mashamba. Hapo si barabara tena, ni kijito.

Maji njo adui. Barabara ya udongo inapaswa kuwa kama mgongo wa samaki. Ikiwa na upana wa mita 5, katikati ipande sentimita 15 hivi kupita pembeni, maji yateremke kwenye mifereji. Na mfereji hautoshi: kila mita 50 mpaka 100 tuchimbe mkono wa kutoa maji porini, na mahali pa mteremko mkali tuweke mawe ao miti ndani ya mfereji ili maji yapunguze mbio. Kazi yote hiyo inataka jembe, pioshi, peli, bruweti, kamba na vijiti vya kupimia. Haingojei mashine.

Wengine wanauliza: kwa nini tusimwage moramu njia nzima? Tuhesabu pamoja. Kilomita 1, upana mita 5, unene wa sentimita 20 kabla ya kushindilia: ni meta kibe 1.000. Lori la meta kibe 5 litaenda mara 200, kwa kilomita moja tu! Basi moramu tuiweke mahali pabaya: kwenye mabonde, kwenye milima inayoteleza, na pande mbili za madaraja.

Na tusiimwage ovyo. Tuweke tabaka nyembamba, kama sentimita 10, tushindilie na dami ya mkono, kisha tabaka ingine. Kupima maji ya udongo, ukamate kidogo kiganjani, ukaze. Ukivunjika vumbi, ongeza maji. Ukikushikilia mkono kama matope, ungoja ukauke. Ukibaki donge zuri, shindilia.

Mvula ikinyesha, kizuizi kifungwe. Lori moja lenye kubeba mzigo muzito kwenye udongo ulioloa linaharibu kazi ya juma nzima. Tajiri atakasirika, lakini akae saa chache, njia ikauke.

Sasa juu ya malipo. Wazee wanakumbuka salongo: watu waliitwa, wakafanya bila kitu, na wengi wakafanya na moyo nusu. Kantonye akipewa kipande chake cha barabara, vyombo vyake na mushahara wake kila mwezi, ataamka asubuhi kufungua mfereji kabla shimo halijawa bonde. Na kazi hiyo iwape mkate wale waliorudi mwisho, wasio na shamba bado, wamama pia.

Tusifanye kwa siri. Barabara za taifa ziko mikononi mwa Office des Routes, njia za mashamba ziko chini ya OVDA, ile iliyoitwa zamani DVDA. FONER, iliyoundwa na sheria ya 2008, inapata makuta kwenye mafuta na peaji. Tuwaandikie, tuwaonyeshe kipande chetu, tuombe chefu awe shahidi. Mutu anayeonyesha kazi anasikiwa kuliko mutu anayelia tu.

Ombi langu ni hili: tuanze kipwa hiki, mwezi wa 6 mpaka wa 8, na mifereji kwanza, kisha mahali pabaya. Wafadhili, mutume mtu wenu mwezi wa 12, mvula ikiwa kali. Asiangalie picha zetu, apite na pikipiki. Akifika bila kushuka kusukuma, mutajua makuta yenu yalienda wapi.