Sikusahau, Sikusikia



Jumapili moja hapa Voi, baada ya ibada, mama mmoja mjane alinieleza habari za mwanawe aliye mgonjwa. Nikaitikia, "Ndiyo, mama," huku macho yangu yakiwa kwenye simu. Usiku nilipopiga magoti nimwombee mtoto yule, jina lake sikuwa nalo. Nikasema, "Nimesahau." La! Sikusahau. Jina halikuingia.

Mkulima wa Wundanyi hachimbi matuta ili mvua inyeshe, bali ikinyesha isipite. Ndivyo ulivyo usikivu. Na hata lililoingia lataka kurudiwa: mwaka 1885 mtaalamu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba mengi tuliyojifunza hututoka katika saa za kwanza.

Kesho yake nilimrudia mama yule kwa aibu. Nikamtazama, nikauliza, nikalirudia jina mara tatu. Hata leo ninalo.

Bwana Yesu alituonya tuangalie jinsi tunavyosikia (Luka 8:18). Leo mtu akisema nawe, mpe sikio zima.

Tuombe: Ee Bwana, tufundishe kusikia. Amina.