Kukisia Faida za Kesho: Thamani ya Hisa katika Kiwanda cha Betri



Anunuaye hisa hununua haki ya kupata fungu katika faida ambazo bado hazijazaliwa. Na kwa sababu hiyo John Burr Williams, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alishikilia kwamba thamani ya hisa ni jumla ya magawio yatakayokuja, kila moja likipunguzwa kwa kadiri ya muda wa kulingoja. Hesabu yenyewe ni nyepesi: shilingi 100 za miaka 10 ijayo, kwa punguzo la asilimia 10 kwa mwaka, leo ni shilingi 39 hivi, na kwa asilimia 15 hazizidi 25. Taabu imo katika kujua hizo 100 zitatoka wapi, hasa katika biashara ya betri, ambayo humeza mtaji kwa miaka mingi kabla ya kurudisha senti, hata aghalabu sehemu kubwa ya thamani inayodaiwa hukaa katika ile miaka ya mbali asiyoijua mtu.

Tazameni A123 Systems ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka 2001 kutokana na utafiti wa chuo cha MIT. Septemba 2009 iliuza hisa kwa umma kwa dola 13.50, na siku ile ile bei ikapanda kwa zaidi ya nusu, kwani serikali ilikwisha kuitengea ruzuku ya dola milioni 249 na habari za magari ya umeme zilikuwa zimeenea katika kila baraza. Machi 2012 ikakiri kwamba seli kutoka kiwanda chake cha Livonia, Michigan, zilikuwa na kasoro, na kwamba kuzibadilisha kungegharimu dola milioni 55 hivi. Oktoba ikafilisika, ilhali haijapata faida hata mwaka mmoja. Northvolt ya Uswidi nayo ilijivunia oda za zaidi ya dola bilioni 50. BMW ikaifuta oda yake ya euro bilioni 2 mwaka 2024, na Machi 2025 kampuni ikafilisika.

Oda, basi, ni ahadi ya mnunuzi, nayo hudumu madhali kiwanda kinatimiza yake. Chukueni mfano wa seli 100, kila moja ikigharimu shilingi 80 kuitengeneza na kuuzwa 100. Zikitoka nzima zote, faida ni 2,000. Zikitupwa 10, faida hubaki 1,000. Zikitupwa 20, faida haipo kabisa, ingawa mashine zilizunguka usiku kucha na mauzo yakaandikwa vitabuni kwa wino mzuri. Nastaajabu kuona makadirio ya kurasa nyingi yakieleza idadi ya magari yatakayouzwa duniani, na yasitaje takataka hizo hata kwa mstari mmoja.

Wala mauzo yakishuka si lazima iwe msiba. CATL ya Uchina iliuza bidhaa za yuan bilioni 400 hivi mwaka 2023, na mwaka uliofuata bilioni 362. Walakini faida yake ilipanda kutoka bilioni 44 hadi zaidi ya 50. Bei ya lithiamu, iliyokaribia yuan 600,000 kwa tani mwishoni mwa 2022, ilikuwa imeanguka hadi 100,000 hivi mwanzoni mwa 2024, na bei ya betri ikashuka pamoja nayo, kwa kuwa mikataba mingi hufuata bei ya madini. Lau mkadiriaji angalitazama mauzo peke yake, angaliiuza hisa hiyo kwa hofu.

Nawasihi, basi, vijana mtakaokabidhiwa akiba za watu: mkiletewa taarifa ya kiwanda cha betri, ulizeni kwanza seli ngapi katika mia zinatoka nzima, na likikosekana jibu, ongezeni kiwango cha punguzo, au iacheni hisa hiyo.