Mji Nao Unahitaji Ngitili

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa mitaa na vikundi, Bariadi)

Nimeombwa nizungumzie ardhi ya mji wetu na ajira za watoto wetu.

Sote tunaijua ngitili. Majani yakiwa bado mengi, mfugaji hufunga sehemu ya malisho. Mpita njia huona eneo limekaa bure, lakini kiangazi kikifika ndiyo inayookoa mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulirudisha miti kwa kutumia desturi hiyohiyo.

Ndugu zangu, mji nao unahitaji ngitili ya ajira.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 mkoani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu milioni kwa miaka kumi. Watu hao wanahitaji nyumba, na mashamba ya pembezoni yanakatwa viwanja. Simlaumu anayeuza, maana ana watoto wa kusomesha.

Lakini tupige hesabu. Ofisi kubwa, ghala la pamba au kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu zake huhitaji eneo moja kubwa, karibu na barabara, umeme na maji. Tuseme ekari kumi zimekwisha kugawanywa kwa kaya hamsini. Mwajiri atazungumza na kaya hamsini? Atakwenda Mwanza, na vijana wetu watamfuata hukohuko. Sisi tutabaki kulima pamba na kuisafirisha.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga maeneo ya makazi, biashara, viwanda na taasisi. Lakini kupanga si kupora. Ngitili ya familia hufungwa na mwenyewe, kwa faida yake. Mkulima akiwekewa vigingi shambani na kuzuiwa kupanda, huku hajui fidia italipwa lini, amebebeshwa peke yake mzigo wa mji mzima. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya mapema. Hiyo si thamani ya ardhi tu, bali pia posho ya usumbufu na gharama za kuhama.

Kwa hiyo naomba tukafanye mambo matatu:

1. Kwenye mkutano wa mtaa, tuombe kuonyeshwa ramani ya mipango miji, tuulize maeneo ya ajira ni yapi na fidia yake imepangwaje.

2. Kabla ya kununua kiwanja, twende ofisi ya ardhi tuulize eneo limepangiwa matumizi gani.

3. Eneo likishatengwa na kulipiwa, tulilinde. Lisimegwe kidogo kidogo, wala lisishikiliwe na mtu anayengoja bei ipande bila kujenga.

Shamba likiwa bado shamba, kulitenga ni rahisi na fidia yake inalipika. Likishajaa nyumba, tutabomoleana. Tuamue sasa, majani yakiwa bado yapo.