Moto iko gereji, deni linatembea: nani alipe siku hizo?

Neno la mmoja wetu mbele ya vijana na bamotari wa Butembo

Saa moja ya motari ni mafuta, ni chakula cha watoto. Sitaipoteza.

Leo sitazungumuza juu ya usalama wala juu ya barabara. Hayo tunayasema kila siku na tutaendelea kuyasema. Leo niko na kitu kidogo chenye kinakula vijana polepole: moto ya kuazima, ile muuzaji anakupa wakati yako iko gereji.

Munajua vile inafanyika. Unachukua moto kwa deni. Unatoa avansi, kisha unalipa kila siku mpaka deni liishe. Moto inaharibika ingali ndani ya garanti. Unairudisha, muuzaji anaiweka gereji kwake, anakuambia: «Mwanangu, chukua hii ingine utumie kwanza.» Unafurahi, unasema huyu papa ana roho muzuri. Siku unakuja kuchukua moto yako, njo unapewa hesabu.

Ilimpata mdogo wangu. Moto yake ilikuwa na miezi miwili tu, garanti ilikuwa ya miezi sita. Buati ikakufa. Mekanisie wa muuzaji mwenyewe akafungua, akasema kipande kimoja kilikuwa kibovu tangu mwanzo, na kingine lazima kitoke Kampala. Ikachukua siku 19. Siku hizo zote mdogo wangu alitembeza moto ya kuazima na akalipa deni lake bila kukosa, dola 5 kwa siku. Siku ya 19 wakamuambia: moto ya kuazima ilikuwa dola 4 kwa siku, lete 76. Mufukoni alikuwa na 30.

Sasa sikieni vizuri. Walichukua ile ya kuazima, na yake wakaifungia mpaka alipe 76. Na deni la dola 5 likaendelea kuhesabiwa kila siku, hata kama hana kitu cha kupanda. Unatakaje mutu alipe deni la moto wakati moto umeifunga wewe?

Siku ya 11 tukaenda pale na wazee wawili wa asosiasioni yao. Hatukupiga kelele. Tuliweka kontra juu ya meza, tukauliza: «Wapi imeandikwa dola 4?» Haikuandikwa mahali popote. Muuzaji akakata nusu, ikabaki 38. Lakini zile siku 11 alizihesabu zote, dola 55. Mama alitoa franga alizokuwa anaweka za kununua bunga ya kuuza sokoni. Moto ikatoka. Biashara ya mama ikalala mwezi muzima.

Basi ulizo ni hili: muuzaji ana haki ya kulipisha moto ya kuazima?

Kuna wenye kusema apana, isilipishwe hata siku moja. Mimi sikubali hivyo, juu hatutaki kujidanganya. Muuzaji naye ameinunua ile moto ingine. Mali yake inapita Mombasa, inavuka Uganda, inaingia Kasindi, na kila kizuizi kinaomba yake. Kila siku umeitembeza, tairi na mnyororo vinakwisha. Ukimulazimisha aitoe bure kwa kila mutu na kwa kila sababu, ataweka hiyo bei ndani ya bei ya moto mupya, na sisi wote tutalipa, hata yule asiyeazima kitu.

Kwa hiyo tuangalie kwanza nani ameleta zile siku za gereji.

Kama umeanguka na moto sababu ya mwendo, kama hukubadilisha oile, kama garanti imeisha, zile siku ni zako. Muuzaji akitaka kukusaidia na moto ingine kwa bei, ni haki yake. Lakini bei aiseme mbele, si nyuma.

Kama moto ilikuja na ubovu wake ndani, zile siku ni za muuzaji. Kode sivili yetu, kitabu cha tatu, kile cha dekreti ya tarehe 30 julai 1888, inasema muuzaji anajibu juu ya ubovu uliojificha ndani ya kitu alichouza. Yeye njo aliuza moto yenye buati bovu. Yeye njo alichelewa kupata kipande. Kumulipisha mununuzi zile siku ni kumuuzia ubovu mara mbili.

Na angalieni tena lugha yenyewe. Kuazima ni nini? Jirani akikuazima jembe, anakuomba franga jioni? Sheria ile ile inasema kuazima kitu ili kitumiwe na kurudishwa ni bure. Unakitunza, unaweka mafuta yako, unakirudisha kizima. Siku kinaombewa franga, si kuazima tena, ni kukodisha, na kukodisha kunahitaji bei ambayo wote wawili wamekubali. Huwezi kuazimisha asubuhi halafu ukodishe jioni.

Wengine watasema: bei ni huru. Ndiyo, ni huru. Lakini sheria namba 18/020 ya tarehe 9 julai 2018, yenye inatoa huo uhuru wa bei, inataka pia bei ijulikane kwa mununuzi. Bei yenye inazaliwa siku ya kulipa, hiyo ni mutego.

Najua mwenye jipu kubwa pale Kinshasa naye anaweza kugombana na muuzaji wake juu ya gari ya kuazima. Lakini yeye atapanda gari ingine ya nyumbani. Motari hana ya pili. Moto yake ikilala siku 10, nyumba yote inalala. Ndiyo sababu anakubali chochote anachoambiwa, na ndiyo sababu tunapaswa kuuliza kabla ya shida kufika.

Tunaomba wauzaji mambo matatu tu. Moja: ubovu ukiwa wa moto, ndani ya garanti, moto ya kuazima iwe bure na deni liendelee kulipwa kama kawaida. Mbili: kama hauna moto ya kuazima, siku za gereji zisihesabiwe ndani ya deni. Hiyo hata muuzaji mudogo anaiweza, haimuombi kununua moto ingine. Tatu: kama unalipisha, andika bei ndani ya kontra, na kila franga itolewe risiti.

Na sisi vijana, tujiulize pia. Wangapi hapa wamesoma kontra yao mpaka mwisho? Inyosheni mikono. Munaona? Iko kwa Kifaransa, tunatia sahihi juu tuna haraka ya kupanda. Kode sivili inasema, artikle ya 33, kontra iliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioifanya. Hiyo inamufunga muuzaji, inatufunga na sisi. Basi kabla ya kusaini, mutafute mutu akusomee, na uulize: garanti ni ya miezi mingapi? Inabeba nini? Moto ikiwa gereji, deni linasimama ao linatembea? Ya kuazima iko, na ni bei gani? Jibu liandikwe. Akikataa kuandika, amekujibu tayari.

Wenye shida tayari, musiende kwa hasira. Hatuchomi tairi mbele ya duka ya mutu, hatutupi jiwe. Mulete kontra na risiti zenu, tuzipige kopi, tuzipange, kisha twende pamoja na asosiasioni ya bamotari kuwaona wauzaji, na baadaye mairie kama hawatusikii. Mutu mumoja na kontra yake alikatiwa nusu. Tukiwa 100 na kontra 100, tutazungumuza juu ya kontra mupya.

Mdogo wangu bado analipa. Kila jioni anaweka dola 5, na risiti anazitia ndani ya mufuko wa plastiki ili mvua isizifute. Huo mufuko ameuleta hapa leo. Kesho muje na yenu.